Kisukari na hatari ya figo kudhurika baada ya upasuaji wa baipasi ya moyo

Kudhurika kwa figo baada ya upasuaji wa baipasi ya moyo ni hali ambapo uwezo wa figo kuchuja damu unashuka ghafla, katika saa au siku chache baada ya mgonjwa kupandikizwa mishipa ya damu kwenye moyo. Ni moja ya matatizo yanayotokea mara nyingi zaidi baada ya upasuaji huo. Katika tafiti nyingi, mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano hupata kiwango fulani cha madhara hayo, ingawa wanaofikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine ni wachache, kwa kawaida kati ya 1% na 5%. Watu wenye ugonjwa wa kisukari wamo katika hatari kubwa kuliko wengine, hasa kama figo zao zilikuwa zimeanza kuharibika kabla ya upasuaji bila wao kujua.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Tanzania, ambako kisukari kimeongezeka haraka. Uchunguzi uliofanyika katika vijiji sita na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki 1% ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban 9% kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Watu hao wanapofikia umri wa magonjwa ya mishipa ya moyo, maswali ya figo zao huwa yamekwisha kuanza.

Upasuaji wenyewe

Moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, iitwayo ateri za korona, inayozunguka nje ya ukuta wake. Mafuta yakijikusanya ndani ya mishipa hiyo, njia ya damu inakuwa nyembamba na msuli wa moyo unakosa oksijeni. Katika baipasi, daktari bingwa wa upasuaji huchukua mshipa kutoka sehemu nyingine ya mwili (mguuni, mkononi au ndani ya kifua) na kuupachika ili damu ipite kando ya sehemu iliyoziba. Ni kama fundi bomba anayeona bomba la chini ya ardhi limeziba, akaacha kulichimbua na kulaza lingine pembeni.

Mnamo mwaka 1964 daktari Vasilii Kolesov wa Leningrad alifanikiwa kuunganisha ateri ya ndani ya kifua na ateri ya korona. Mei 1967 René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa akifanya kazi katika kliniki ya Cleveland, Marekani, alitumia mshipa wa vena wa mguu, na kuanzia hapo upasuaji huu ulienea duniani. Kabla yao ilihitajika mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa. Mashine hiyo ilitumiwa kwa mafanikio kwa mara ya kwanza na John Gibbon huko Philadelphia tarehe 6 Mei 1953.

Nchini Tanzania upasuaji wa kufungua moyo ulianza mwaka 2008 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka 2015 huduma hiyo ilipata taasisi yake, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), ambayo ipo katika eneo hilohilo la Muhimbili. Kabla ya hapo wagonjwa wengi walipelekwa India kwa gharama za serikali, za familia au za wafadhili. Kwa miaka mingi wengi wa waliopasuliwa moyo katika Afrika Mashariki walikuwa watoto waliozaliwa na matundu kwenye moyo na vijana ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Baipasi ni upasuaji wa watu wazima wenye shinikizo la damu na kisukari, na umekuja baadaye.

Kwa nini wenye kisukari hupelekwa kwenye baipasi

Mtu anaweza kuuliza: kama hatari kwa figo ni kubwa, kwa nini wasiwekewe stenti tu, kile kijibomba cha waya kinachopanua mshipa bila kupasua kifua? Jibu lilipatikana katika jaribio lililoitwa FREEDOM, lililochapishwa mwaka 2012. Wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa ya moyo iliyoziba sehemu zaidi ya moja waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakafanyiwa baipasi na nusu wakawekewa stenti. Baada ya miaka 5, waliokuwa wamefariki ni 10.9% katika kundi la baipasi na 16.3% katika kundi la stenti. Kiharusi kilikuwa kingi zaidi kwa waliopasuliwa (5.2% dhidi ya 2.4%), lakini kwa jumla baipasi ilishinda.

Sababu ni kwamba kisukari huharibu mishipa ya moyo kwa urefu. Kinaacha vizuizi vingi, tena katika matawi membamba. Stenti hutibu sehemu moja iliyoziba. Mshipa mpya huvuka eneo lote. Ndiyo maana katika nchi nyingi theluthi moja au zaidi ya wanaofanyiwa baipasi wana kisukari. Kwa hiyo wanaohitaji upasuaji huu zaidi ndio ambao figo zao zinaustahimili kwa shida zaidi, na hapo ndipo ugumu wote wa mada hii ulipo.

Kuna jambo lingine. Kisukari cha muda mrefu huharibu pia mishipa ya fahamu, hivyo mgonjwa anaweza kupata mshtuko wa moyo bila yale maumivu makali ya kifua yanayojulikana. Anasikia uchovu, kichefuchefu au pumzi kukata tu. Wengine hutibiwa vidonda vya tumbo kwa wiki kadhaa. Wakati ugonjwa unapotambuliwa, moyo umekwisha kudhoofika, na moyo dhaifu nao ni hatari kwa figo.

Figo ya mwenye kisukari kabla ya upasuaji

Kila figo ina vichujio vidogo vinavyoitwa nefroni, takriban milioni moja. Figo zote mbili hupokea kati ya robo na moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita moja au mbili, ndicho mkojo.

Sukari inapokuwa nyingi kwenye damu kwa miaka, vichujio hufanya kazi kupita kiasi. Mwanzoni uchujaji huongezeka, jambo linalodanganya, kwa sababu vipimo vya damu huonyesha figo nzima kabisa. Kisha kuta za vichujio hunenepa na kuanza kuvujisha protini iitwayo albumini kwenye mkojo. Dalili hiyo ndiyo ya kwanza kuonekana, na haiumi wala haibadilishi rangi ya mkojo. Uchujaji hushuka baadaye, taratibu, na mgonjwa huanza kuvimba miguu wakati sehemu kubwa ya nefroni imekwisha kufa.

Figo ya namna hii imepoteza akiba yake. Katika maisha ya kila siku mtu hatambui, kwa kuwa nefroni zilizobaki hufanya kazi ya zile zilizokufa. Siku ya upasuaji hakuna tena cha ziada cha kutumia.

Utafiti uliofanywa Mwanza katika kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, ukachapishwa mwaka 2013, uliwapima watu wazima 369. Zaidi ya 80% walikutwa na dalili za ugonjwa sugu wa figo, wengi wao kwa albumini kwenye mkojo, na takriban robo ya wote walikuwa na uchujaji ulioshuka chini ya mililita 60 kwa dakika. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akijua kwamba figo zake zina ugonjwa. Ni kweli kwamba wanaohudhuria kliniki ya hospitali ya rufaa huwa wagonjwa zaidi kuliko wenye kisukari wa mitaani, hivyo takwimu hizo haziwezi kuchukuliwa kuwa za mkoa mzima. Lakini ni watu kama hao hasa ambao baadaye huandikiwa rufaa kwenda kupasuliwa moyo.

Kinachotokea wakati wa upasuaji

Sehemu ya ndani ya figo huishi kwa oksijeni kidogo hata kwa mtu mwenye afya. Damu nyingi hupita kwenye sehemu ya nje, inakochujwa, na kidogo tu hufika ndani, ingawa mifereji iliyoko huko inafanya kazi nzito ya kurudisha chumvi mwilini. Shinikizo la damu likishuka, sehemu hiyo ndiyo ya kwanza kuumia.

Wakati wa baipasi mambo kadhaa hukutana kwa pamoja. Mashine husukuma damu kwa mtiririko tofauti na mapigo ya kawaida ya moyo, na damu huchanganywa na majimaji, hivyo hubeba oksijeni pungufu. Chembe nyekundu nyingine hupasuka ndani ya mipira ya mashine na kuachia hemoglobini, ambayo ikiwa huru ni sumu kwa mifereji ya figo. Damu kugusana na plastiki ya mashine huamsha uvimbe mwili mzima, kana kwamba mwili umevamiwa na vijidudu. Aorta inapobanwa na kuachiliwa, vipande vidogo vya mafuta vinaweza kung'oka na kuziba mishipa midogo ya figo. Baada ya upasuaji, moyo unaweza kubaki dhaifu kwa siku moja au mbili, na damu inayofika kwenye figo ikabaki ndogo.

Kwa mwenye kisukari kila moja ya haya huwa na athari kubwa zaidi. Mishipa yake midogo haitanuki na kusinyaa ipasavyo kufuata shinikizo la damu. Zaidi ya hayo, hofu na majeraha ya upasuaji huamsha homoni zinazopandisha sukari hata kwa mtu asiye na kisukari. Kwa mwenye ugonjwa huo, sukari inaweza kuruka juu sana usiku wa kwanza.

Mara nyingi pia siku chache kabla ya kupasuliwa mgonjwa huwa amechunguzwa mishipa ya moyo kwa dawa maalumu inayoonekana kwenye eksirei. Dawa hiyo inaweza kuzidhuru figo dhaifu. Inapowezekana madaktari huacha siku kadhaa zipite kati ya uchunguzi huo na upasuaji, na hupima damu tena kabla ya kuendelea.

Utambuzi

Tangu mwaka 2012 hospitali nyingi hufuata vigezo vya jopo la kimataifa la KDIGO. Figo huhesabiwa kuwa zimedhurika kwa ghafla kama kreatinini katika damu imepanda kwa mikromoli 26.5 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, au imefikia mara 1.5 ya kiwango cha awali ndani ya siku 7, au mkojo umekuwa chini ya mililita 0.5 kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa muda wa saa 6. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Figo zikishindwa kuitoa, inajikusanya.

Mfano unasaidia. Mgonjwa wa kilo 70 anatakiwa kutoa angalau mililita 35 za mkojo kwa saa. Kwa saa 6 ni mililita 210, pungufu ya chupa moja ya soda. Asipofikisha kiasi hicho, figo zake ziko hatarini hata kama anasema anajisikia vizuri. Na kama kreatinini yake ilikuwa 90 kabla ya upasuaji na kesho yake ni 120, imepanda kwa 30, kwa hiyo amekwisha kuingia hatua ya kwanza, ijapokuwa karatasi ya maabara inaweza kuionyesha 120 kuwa karibu na kawaida. Mabadiliko ndiyo yenye maana, na mabadiliko hayawezi kujulikana kama kipimo cha kabla ya upasuaji hakikuandikwa.

Hatua ya pili ni kreatinini kufikia mara 2 hadi 2.9 ya mwanzo. Ya tatu ni mara 3 au zaidi, au mgonjwa kuanza kusafishwa damu.

Vipimo hivi vina kasoro zake. Kreatinini huchelewa kupanda kwa siku moja au mbili, na majimaji mengi anayopewa mgonjwa kwa mshipa huizimua. Mzee aliyekonda hutoa kreatinini kidogo, hivyo namba yake inaweza kuonekana nzuri ilhali figo ni mbovu. Kwa mwenye kisukari kuna mtego mwingine usiotajwa vya kutosha: sukari ikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, huanza kumwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Mfuko wa mkojo unajaa, wauguzi wanafurahi, kumbe ni sukari inayotoa maji na wala si figo zinazofanya kazi vizuri. Kiasi cha mkojo hakina budi kusomwa pamoja na kipimo cha sukari.

Vipo vipimo vipya vinavyotambua seli za figo zilizojeruhiwa ndani ya saa chache, kabla kreatinini haijapanda. Kimoja chao kiliruhusiwa Marekani mwaka 2014. Bei yake bado inavifanya kuwa vigumu kupatikana katika hospitali nyingi za Afrika.

Kukadiria hatari

Mnamo mwaka 2005 watafiti wa kliniki ya Cleveland walichapisha njia ya kukadiria uwezekano wa mgonjwa kuhitaji kusafishwa damu baada ya upasuaji wa moyo. Mgonjwa hupewa alama: 1 kwa kuwa mwanamke, 1 kwa moyo kushindwa kufanya kazi, 1 kwa kisukari kinachotibiwa kwa insulini, 1 kwa ugonjwa sugu wa mapafu, 1 kama amewahi kupasuliwa moyo, 2 kwa upasuaji wa dharura, na kadhalika hadi 17. Kreatinini ya miligramu 1.2 hadi chini ya 2.1 kwa desilita huongeza alama 2, na kuanzia 2.1 huongeza alama 5. Wenye alama 2 au chini yake wana hatari isiyofika 1%. Wenye alama 9 na kuendelea, hatari huzidi 20%.

Mama mwenye kisukari anayechoma insulini, mwenye kreatinini ya 1.5, akifanyiwa baipasi iliyopangwa anapata alama 4. Mama huyohuyo akifikishwa hospitali kwa dharura usiku anapata 6. Tofauti hiyo imetokana na kuchelewa tu.

Ni vizuri kuona kwamba kisukari chenyewe kina alama 1, na figo mbovu zina alama hadi 5. Sehemu kubwa ya hatari ya kisukari hupitia kwenye uharibifu uliokwisha kufanyika katika figo. Mwenye kisukari ambaye mkojo wake hauna albumini na uchujaji wake ni mzima hayuko mbali sana na mtu asiye na ugonjwa huo.

Kinga

Hakuna kidonge kinachokinga figo. Dopamini kwa kiwango kidogo ilitumika kwa miaka mingi kwa imani kwamba inafungua mishipa ya figo, mpaka jaribio la Australia na New Zealand la mwaka 2000 lilipoonyesha kwamba haisaidii. Vidonge vya kushusha kolesteroli vilivyotolewa kabla tu ya upasuaji kwa ajili ya figo navyo havikusaidia. Kinachofanya kazi ni mkusanyiko wa mambo madogo yanayofanywa kwa uangalifu.

Kabla ya upasuaji, mgonjwa hupimwa kreatinini na albumini ya mkojo, na sukari ya miezi iliyopita hupimwa kwa HbA1c. Katika Kanda ya Ziwa kipimo hiki cha mwisho kinahitaji tahadhari, kwa sababu sikoseli na upungufu wa damu, ambavyo ni vya kawaida huko, vinaweza kukifanya kisome uongo. Dawa hupitiwa moja moja. Metformini husimamishwa kabla ya upasuaji. Vidonge vya kisukari vinavyotoa sukari kwa njia ya mkojo, vya jamii ya dapagliflozini na empagliflozini, husimamishwa angalau siku 3 kabla, kwa kuwa vinaweza kusababisha asidi hatari kwenye damu hata sukari ikiwa ya kawaida. Dawa za shinikizo kama kaptoprili na losartani mara nyingi huachwa asubuhi ya upasuaji na kurudishwa figo zikitulia.

Kundi la dawa linalostahili kuangaliwa zaidi ni la maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni huuzwa katika kila duka la dawa, bila cheti, na mtu mwenye maumivu ya mgongo au magoti anaweza kuzimeza kwa miezi. Dawa hizi hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mgonjwa akiulizwa anatumia dawa gani, huwa hazitaji, kwa sababu hazihesabu kuwa dawa. Gentamisini, antibiotiki ya kawaida hospitalini, nayo ni hatari kwa figo dhaifu. Dawa za mitishamba zinahitaji kuulizwa kwa adabu. Mgonjwa anayeogopa kugombezwa atakaa kimya.

Wakati wa upasuaji na baada yake, kazi kubwa ni kuweka shinikizo la damu na wingi wa maji katika kiwango kinachofaa. Maji kidogo mno hukausha figo, na maji mengi mno huzivimbisha. Jaribio la PrevAKI lililochapishwa mwaka 2017 nchini Ujerumani lilichukua wagonjwa 276 waliopasuliwa moyo ambao vipimo vilionyesha wako hatarini. Waliofuatiliwa kwa utaratibu maalumu (maji, shinikizo, sukari, kuepuka dawa zenye sumu) walipata madhara ya figo kwa 55.1%, na waliohudumiwa kwa kawaida kwa 71.7%. Hakuna kitu kipya katika utaratibu huo; tofauti ilikuwa kuufuata wote. Mwaka 2024 jaribio lingine la wagonjwa 3,511 lilionyesha kwamba kuwapa amino asidi kwa mshipa kulipunguza madhara hayo kutoka 31.7% hadi 26.9%.

Baipasi inaweza pia kufanywa moyo ukiendelea kupiga, bila mashine. Jaribio la CORONARY lenye wagonjwa 4,752 lilionyesha kwamba njia hiyo hupunguza kidogo kudhurika kwa figo katika siku 30 za kwanza, lakini baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti katika kazi ya figo.

Kuhusu sukari, palikuwa na wakati madaktari walijitahidi kuishusha mpaka kiwango cha mtu mwenye afya. Jaribio la NICE-SUGAR la mwaka 2009, lililohusu zaidi ya wagonjwa mahututi 6,000, lilikuta kwamba waliobanwa hivyo walikufa zaidi (27.5% dhidi ya 24.9%), na sukari yao ilishuka mno mara nyingi zaidi. Tangu hapo lengo la kawaida limekuwa kuiweka chini ya milimoli 10 kwa lita kwa insulini ya mshipa, bila kuishusha sana. Figo zilizodhurika hazitoi insulini mwilini haraka, kwa hiyo dozi iliyokuwa sahihi juzi inaweza kumwangusha mgonjwa leo. Sukari ikianza kushuka bila sababu baada ya upasuaji, figo zinapaswa kutazamwa.

Tiba

Figo zikishadhurika, madaktari huondoa kila kinachoziumiza, huhakikisha moyo unasukuma damu ya kutosha, na kusubiri. Wengi wa walio katika hatua ya kwanza hupona katika siku chache. Dawa za kukojoza husaidia kutoa maji yaliyozidi, lakini haziponyi figo.

Kusafisha damu kwa mashine huanza pale potasiamu inapopanda kiasi cha kuhatarisha mapigo ya moyo, maji yanapojaa kwenye mapafu, au asidi na taka zinapozidi. Kuanza mapema kabla ya dalili hizo hakuna faida: jaribio la STARRT-AKI la mwaka 2020, lenye zaidi ya wagonjwa 2,900, halikuonyesha tofauti ya vifo. Kwa nchi zenye mashine chache matokeo hayo ni nafuu, kwa sababu mashine inaweza kwenda kwa anayeihitaji kweli. Hata hivyo mgonjwa wa upasuaji wa moyo anayefikia hatua hiyo yuko katika hali mbaya. Katika tafiti nyingi vifo vyao hukaribia nusu. Baadhi ya wanaopona hubaki wakihitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Kupandikizwa figo kulianza Tanzania mwezi Novemba 2017, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Njia ya mgonjwa wa Kanda ya Ziwa

Butimba ni kata ya wilaya ya Nyamagana, kusini mwa jiji la Mwanza, inayojulikana kwa chuo chake cha ualimu na gereza lake. Hospitali ya wilaya ya Nyamagana ipo hapo. Mkazi wa Butimba mwenye kisukari na maumivu ya kifua huanzia hapo au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, kisha hupelekwa Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima na inayohudumia mikoa yote inayozunguka ziwa upande wa Tanzania. Bugando ina mabingwa wa moyo na huduma ya kusafisha damu. Kwa baipasi, safari ya kawaida ni kwenda JKCI, zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara.

Katika safari hiyo, kinachopotea kwa urahisi ni karatasi. Mgonjwa anaweza kuwa na vipimo vya kreatinini vya miaka mitano vilivyotawanyika katika madaftari ya kliniki tatu, na akafika Dar es Salaam bila hata kimoja. Daktari wa huko anaanza na kipimo cha siku hiyo, asijue kama namba anayoiona ni ya zamani au imepanda mwezi uliopita. Nakala ya vipimo vya zamani ndani ya bahasha ya rufaa haigharimu kitu.

Mwambao wa ziwa una kichocho kingi, na maeneo ya ndani ya Usukuma yana aina inayoshambulia njia ya mkojo na kutoa damu. Protini au damu kwenye mkojo wa mtu wa huko inaweza kuwa na chanzo zaidi ya kimoja. Kwa mwenye kisukari, kichocho hutafutwa na kutibiwa kwanza, kisha mkojo hupimwa tena kabla ya kuamua kwamba ni figo za kisukari.

Gharama ni kikwazo kingine. Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Kwa familia isiyo na bima, nauli na malazi ya ndugu anayemuuguza mgonjwa Dar es Salaam huhesabiwa pamoja na upasuaji, na siku za ziada katika chumba cha wagonjwa mahututi kwa sababu ya figo hubadilisha hesabu yote.

Mgonjwa akirudi nyumbani akiwa amepona kifua, ufuatiliaji wa figo huhamia kwenye hospitali ya karibu. Miongozo ya KDIGO inashauri kwamba kila aliyepata madhara ya ghafla ya figo apimwe tena baada ya miezi 3, kuona kama zimerudi, zimebaki palepale au zimezidi kushuka. Vinavyohitajika ni kreatinini, albumini ya mkojo, shinikizo la damu na sukari, vipimo ambavyo hospitali ya wilaya inaweza kuvifanya. Metformini hairudishwi kama uchujaji uko chini ya mililita 30 kwa dakika. Barua ya kumruhusu mgonjwa kutoka hospitali inapaswa kutaja kreatinini ya kabla ya upasuaji, ya juu kabisa iliyofikiwa, na ya siku ya kutoka. Namba hizo tatu ndizo daktari wa Butimba atakazolinganisha na ya kwake.